Misokoto Mitano kwa Inchi

Marangu,
12 Februari 2024

Mdogo wangu Winfrida,

Natumaini unaendelea vizuri pamoja na shemeji Efraimu, na kwamba baridi ya Njombe haijamrudishia ule mgongo wake. Sisi huku wazima. Mama anakula bakuli zima la mtori kisha analalamika kwamba halikuwa na nyama, wakati nyama ndiyo anayoanza nayo. Ng'ombe amezaa ndama jike. Tereza, yule mama wa Kigoma anayenisaidia kazi, ambaye mumewe Crispin yuko kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, anakusalimu ingawa hamjaonana. Nimemsimulia habari zako. Si zote.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Mwaka jana tulipigiana mara nne na mara zote nne ikakatwa. Mbili ulikata wewe, moja mimi, na moja ilikuwa mtandao, ingawa najua uliufurahia huo mtandao. Barua haikatwi katikati. Nitampa Fabian, kondakta wa basi la Mbeya, akushushie Makambako.

Sasa jambo lenyewe. Unajua nina kondoo wa sufu kumi na tisa. Hakuna aliyenipa hata mmoja. Nilianza na majike wawili niliowanunua Sanya Juu, watu wakanicheka kwamba mjane amekosa cha kufuga ananunua blanketi lenye miguu. Leo wanaonyoleka ni kumi na mmoja, na mwezi uliopita wamenipa kilo ishirini na mbili za sufu chafu. Baada ya kuiosha mara tatu kwa maji ya kubeba kichwani, maana ukiosha sufu kwenye mfereji majirani wa chini watakuja na jembe, zimebaki kilo kumi na tatu.

Elisaria, yule mwenye kampuni ndogo ya kupandisha watalii, ameagiza kofia sitini kwa ajili ya wapagazi wake. Anazitaka tarehe 20 Juni, kabla msimu haujapamba moto. Kofia za sufu ya huku huku, uzi wa huku huku. Nikakubali palepale. Ndipo Davis akaingia. Mwanangu huyo tangu ahitimu kozi yake ya mifugo anaona kila mnyama asiyetoa maziwa ni mgeni aliyepitiliza. Akasema, "Mama, kondoo hawa wanakula tu. Banda hili lingekaa ng'ombe watatu." Tukabishana hadi chai ikapoa, mwisho tukapatana: kofia sitini zikitoka kwa wakati, kondoo wanabaki na hatasikika tena akiwasema. Zisipotoka, wanakwenda mnadani Sanya Juu walikotoka bibi zao, na mimi sinyanyui mdomo.

Hesabu nimeipiga. Kofia moja nzito inakula mita mia na ishirini za uzi wa nyuzi mbili. Maana yake nisokote mita mia mbili na arobaini za uzi mmoja mmoja, kisha niziunganishe. Kwa kofia sitini ni mita elfu kumi na nne na mia nne. Kwa kile kijiti changu chenye kisahani cha mti natoa mita arobaini kwa saa nikiwa na mkono mzuri. Ukijumlisha na kuunganisha ni saa mia nne na hamsini. Mimi, ukitoa ng'ombe, kahawa, Mama na Jumapili, napata saa mbili kwa siku. Hadi tarehe 20 Juni nitakuwa na uzi wa kofia ishirini na tisa na nusu, na hakuna mpagazi mwenye nusu kichwa.

Kufuma hakunitishi. Elizabeth na Grace wa umoja wa wanawake watanisaidia. Kinachonishinda ni kusokota. Kwa hiyo naomba gurudumu la Mama la kusokotea. Ulilichukua kwa wiki mbili, Agosti 2015. Leo ni wiki ya mia nne arobaini na tatu.

Uzi wako wa Krismasi ulifika, madonge mawili kama kila mwaka. Niliupima kwa rula. Misokoto mitano kwa inchi. Nikapima pengine, mitano. Ni uzi mzuri. Wangu ulikuwa unakwenda minne, saba, minne kama mlevi, sasa umetulia. Nimelisema hilo ili ujue tu.

Wako dada,
Ndelilio


Njombe,
3 Machi 2024

Dada Ndelilio, shikamoo.

Nimepata barua yako, nimeisoma mara mbili na Efraimu akaisoma mara moja kwa sauti, akicheka pale kwenye blanketi lenye miguu. Tunamshukuru Mungu, hatujambo. Mvua zinanyesha asubuhi na jioni. Viazi vimependeza. Kwaya yetu imealikwa Makete, mimi nimewekwa sauti ya pili tena ingawa kila mtu anajua mimi ni ya kwanza. Mpe Mama shikamoo yangu na umwambie namletea kitenge.

Dada, nimefurahi sana kuhusu kofia. Kuhusu gurudumu, nalo ni zima. Ila kulisafirisha ndiyo tatizo. Makondakta hawa wanarusha mizigo kama magunia ya mkaa, na lile ni gurudumu la mti mkavu, likianguka mara moja tu basi. Halafu kanyagio lake lina ufa kidogo. Halafu kipindi hiki mvua itaulowesha mti. Halafu nalitumia. Akina mama wa hapa wananitegemea.

Tena dada, kwa kusema tu, Mama hakuniazima. Mama alinipa.

Nimekuwekea viazi debe moja. Fabian anavijua.

Mdogo wako,
Winfrida


Marangu,
17 Machi 2024

Winfrida,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Viazi vimefika, vizuri, havijarushwa na kondakta. Mama amekula vitano. Davis amemtibu ndama kuhara na sasa anatembea kama profesa.

Nimehesabu sababu zako. Ni nne, na kila moja inaiua nyingine. Kama kanyagio lina ufa, akina mama wanalitumiaje kila siku? Kama wanalitumia kila siku, limekaukaje kiasi cha kuvunjika kwa kuanguka? Na kama ni kavu hivyo, mvua ya siku moja chini ya turubai italifanya nini? Ulipokuwa mtoto ulikuwa ukiiba sukari unataja sababu tatu. Naona umekua.

Fabian nimeongea naye. Anasema ameshasafirisha kioo cha kabati, jeneza tupu na mbuzi mwenye mimba, vyote vilifika. Mbuzi alifika na watoto.

Sitaki kugombana kuhusu kupewa na kuazimwa. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Mimi ndiye niliyechana sufu pembeni ya Mama tangu nina miaka tisa, kwa zile brashi zenye meno ya waya, hadi vidole vikatoka damu, wewe ukiwa kwaya ya watoto. Halafu siku moja nakuja kutoka kukata majani ya ng'ombe, nakuta pale kwenye kona pana alama nne za miguu ya gurudumu sakafuni na wewe uko stendi Moshi. Hukuaga. Nilijifunza kusokota kwa kijiti peke yangu kwa sababu hapakuwa na kingine, na nilijifunza nikiwa na uzi wako wa Krismasi umetundikwa ukutani mbele yangu, nikisema kama Winfrida anaweza, mimi nashindwaje. Sasa umenifanya niseme na hilo.

Nimefikisha uzi wa kofia nane. Zimebaki hamsini na mbili. Nitume lini mtu Makambako?

Ndelilio


Njombe,
10 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Poleni na masika, tumesikia kwenye redio kwamba huko maji ni mengi. Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa Makete na kwaya, kisha Pasaka, kisha Efraimu mgongo. Kuku wangu tisa wamekufa kwa kideri.

Sijui nikuambie nini kuhusu lile jambo. Nitaandika tena.

Ile sehemu ya uzi kutundikwa ukutani, ni kweli?

Winfrida


Marangu,
21 Aprili 2024

Winfrida,

Pole kwa kuku. Huku mvua haikatiki, sufu haikauki, naianika juu ya jiko na sasa kofia za Elisaria zitanuka moshi wa mgrevilea. Atasema ni utamaduni.

Ndiyo, ni kweli.

Nimekaa nikafikiri kama mtu mwenye siku sitini. Kulazimishana kumenichosha. Gurudumu baki nalo. Ndani ya kifurushi hiki kuna kilo mbili na gramu mia saba za sufu safi, iliyochanwa, tayari. Hiyo ni nusu kamili ya kofia zote. Nisokotee wewe, huko huko, kwa mkono wako, ule wa misokoto mitano. Mimi nitamalizia nusu yangu. Uzi unifikie tarehe 25 Mei, nipate muda wa kufuma.

Huwezi kusema ni mvua wala kanyagio. Akina mama wanalikanyaga kila siku.

Tereza amekifunga kifurushi mwenyewe, mimi niko na ng'ombe. Ukikipata mwambie Fabian tu, nitajua.

Dada yako


Njombe,
5 Mei 2024

Dada yangu mpendwa Ndelilio, shikamoo. Shikamoo tena.

Nimekaa na kifurushi chako mezani siku nane bila kukigusa. Efraimu aliniuliza, "Hicho kimefanya kosa gani?" Nikamwambia kimeniletea dawa ambayo alipaswa kuinywa mwingine.

Dada, umenifungia kifurushi kwa masale. Majani manne, mafundo manne, kila upande fundo. Nilipoyaona nikakaa chini palepale stendi Makambako, juu ya gunia la mtu. Miaka hii yote niko ugenini sijaliona isale likiwa limefungwa fundo, ila nilijua mara moja, nani wa kwetu asiyejua? Mtu akikuletea isale ameomba msamaha, na huwezi kumkatalia hata kama alichoma nyumba. Lakini huleta aliyekosa. Na wewe hujakosa, dada. Mkubwa wangu, uliyeachwa na alama nne za miguu ya gurudumu sakafuni, ndiye uliyeniomba mimi msamaha, mara nne! Sikulala vizuri. Nikasema huyu ameshuka kiasi hiki, na mimi bado napanda juu ya uongo.

Basi sikiliza, na ukae kwanza.

Sijui kusokota.

Sijawahi kujua. Nilijaribu miezi mitatu ya mwanzo. Uzi ulikuwa unatoka mnene kama kamba ya ndama, kisha mwembamba kama wa buibui, kisha unakatika. Niliona aibu kurudisha, maana niliondoka nalo bila kukuaga. Nililiweka sebuleni, nikalifunika kitambaa nilichokifuma, juu nikaweka maua ya plastiki. Wageni husema, "Mama, una pambo zuri." Hakuna akina mama wanaolitumia. Kanyagio halina ufa.

Na uzi wa Krismasi. Uzi wa Krismasi nanunua dukani mjini, dada. Sufu halisi, siyo ya nailoni, huo ndio ukweli pekee niliokuwa nao. Natoa ile karatasi ya kiwanda, naufungua wote, naukunja upya kwa mkono, halafu nauweka wiki nzima ndani ya gunia la sufu chafu niliyoomba kwa jirani ili ushike harufu ya kondoo. Mwaka wa kwanza nilifanya ili usiniulize. Mwaka wa pili nikiongea na Mama kwenye simu, nilikusikia pembeni ukimwambia, "Huyu mtoto amejua kunishinda." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimekushinda kwa lolote. Nikanunua tena. Sikujua unautundika. Ningejua, nadhani ningenunua mbaya zaidi.

Gurudumu liko kwenye basi hili hili, limefungwa kwa magodoro mawili na shuka la Efraimu. Sufu yako yote imo, sijaipunguza hata unyoya. Fabian nimemwambia akilirusha nitamtafuta hadi kwao.

Kwa isale lako, nimekusamehe kama inavyopasa, ingawa sijui nakusamehe nini. Langu mimi siwezi kulituma, huku hayaoti. Chukulia hii barua.

Mdogo wako,
Winfrida


Marangu,
14 Mei 2024

Winfrida! Winfrida! Winfrida!

Salamu baadaye.

Mimi sijakuomba msamaha. Naandika kwa herufi ninazoweza kuzisoma bila miwani: SIJAKUOMBA. Niliposoma habari ya masale nilimwita Tereza, akaja na mikono ya sabuni. Nikamuuliza, "Kifurushi kile ulikifunga na nini?" Akasema, "Na yale majani marefu ya kwenye uzio, mama. Kamba ya mgomba ilikuwa imelowa, ikawa inakatika. Yale nikaona magumu, mazuri, nikayafunga mafundo yasiachie." Nikamuuliza kama anajua ni majani gani. Akasema, "Ya uzio." Kwao Kigoma uzio ni uzio. Umeelewa? Tereza amekwenda kwenye mpaka wa kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, amekata isale la mpaka, na ameniombea msamaha mara nne kwa mtu aliyeniibia gurudumu, kisha akarudi kuosha vyombo!

Na siwezi kulirudisha. Nimemuuliza hata mchungaji. Amecheka hadi akavua miwani, akasema, "Mama Davis, limeshapokelewa."

Nikasoma na iliyobaki. Nilikaa, kama ulivyosema. Nikainuka, nikautoa ule uzi ukutani, nikautazama vizuri kwenye mwanga. Mimi ninayehesabu hata mbegu za maharage, sikuwahi kujiuliza kwa nini mita zote zile hazina hata kipande kimoja cha jani kavu. Uzi wangu hata nikiuchambua siku mbili utakuta ubua. Uzi wako msafi kama meno ya daktari. Ningejua siku ya kwanza. Sikutaka kujua, nadhani. Ni tamu kuwa na mtu wa kumkasirikia akiwa mbali.

Kwa hiyo miaka minane na nusu nimekuwa nashindana na kiwanda. Mimi, na kijiti, na kisahani cha mti, nikiwa nimesimama kwenye banda la kondoo. Nilipima tena uzi wangu wa wiki iliyopita. Mitano. Nikapima mita kumi. Mitano. Winfrida, nimekifikia! Nilitoka nje nikamwambia Davis, "Mama yako ni kiwanda." Akasema, "Ndiyo, Mama," kama wanavyosema kwa wagonjwa.

Mama nilimsomea barua yako yote. Alicheka hadi kitenge kikamdondoka begani. Nikamuuliza, sasa sema mbele ya Mungu, ulimpa au ulimwazima? Akasema, "Nilimpa. Wewe ulikuwa unaijua sufu tayari. Aliyekuwa hajui ndiye niliyempa, ajifunze." Nikamwambia, mbona hukuniambia siku zote hizi? Akanijibu, "Uliniuliza leo."

Hayo nimeyaandika haraka haraka, nisije nikajuta.

Sasa gurudumu. Limefika zima, na shuka la shemeji nitalifua. Nililiweka pale pale kwenye kona, nikakaa, nikakanyaga. Saa ya kwanza uzi ulikatika mara arobaini na moja. Nilitoa mita tisa. Mita tisa, Winfrida! Kijiti kinakungoja: mkono ukichelewa, nacho kinaning'inia kikisubiri kama mkwe mwenye adabu. Gurudumu halisubiri mtu. Linanyang'anya uzi mkononi kabla hujaamua unene. Nilimtukana fundi aliyelitengeneza, na yeye alishakufa zamani. Siku ya pili mita ishirini na mbili. Leo ya tatu, sabini. Nahitaji mia na ishirini kwa saa, na saa tatu kwa siku badala ya mbili.

Nina uzi wa kofia ishirini na moja. Zimebaki thelathini na tisa, na siku za kazi thelathini na mbili. Davis ameshampigia simu mtu wa gari la kubebea kondoo, nimemsikia.

Wewe kusokota hujui, sawa. Lakini kufuma unajua. Kile kitambaa ulichofunikia gurudumu kilikuja nalo, nimekihesabu matundu, hakuna hata moja lililopotea. Elizabeth anafuma kofia kwa saa tano, Grace kwa sita na maneno mengi. Wewe?

Ndelilio

Nimesahau salamu. Wote wazima.


Njombe,
24 Mei 2024

Dada, shikamoo.

Saa tatu. Mbili na nusu kama hakuna anayeniongelesha.

Nimeomba ruhusa kwa Efraimu, akasema nenda, mradi uje na shuka. Nimekata tiketi ya tarehe 5 Juni. Naweza kukaa hadi kumi na saba, kwaya ina tamasha.

Tafadhali usinikasirikie nikifika. Nikasirikie sasa hivi umalize, una siku kumi na mbili.

Winfrida


Marangu,
25 Juni 2024

Mdogo wangu Winfrida,

Natumaini ulifika salama na tamasha likaenda vizuri, na kwamba safari hii wamekupa sauti ya kwanza. Mama anakuulizia kila asubuhi. Anadhani umeenda dukani. Tereza amekuwekea karanga, amezifunga kwa kamba ya plastiki. Sasa hagusi kitu chochote cha kijani bila kuniuliza kwanza.

Nyumba imepungua kelele. Grace anasema tangu uondoke hakuna wa kumkosoa wimbo, na amefuma taratibu zaidi.

Habari ya tarehe 20. Ulipoondoka tulikuwa na kofia hamsini na tatu. Siku tatu zilizobaki sikumbuki nilikula nini. Davis alikuja kusimama mlangoni siku ya kwanza, siku ya pili akaenda kukata majani ya ng'ombe bila kuambiwa, siku ya tatu alikuwa anakunja uzi kwenye madonge, anaukaza mno, nikamwambia legeza, akalegeza. Nilikuwa nafikisha mita mia na thelathini kwa saa.

Elisaria akaja saa nne asubuhi na wapagazi wawili. Akazipanga kofia kwenye mkeka, kumi kumi, akawa anazivuta moja moja. Alipofika kwenye safu ya tano akainua ile ya kijivu, unaijua, ile ya uzi wako wa kwanza uliousokota huku kwenye gurudumu, yenye kamba ya ndama upande mmoja na buibui upande mwingine. Akaigeuza. Akauliza, "Mama Davis, hii nayo?" Nikamwambia, "Hiyo ni ya mdogo wangu, ndiyo kwanza anaanza." Akaiweka pembeni kwa heshima sana. Davis akanitazama, maana yeye alikuwa amehesabu sitini na sasa anaona hamsini na tisa. Nikamwacha aumie kidogo. Kisha nikainua mkeka, nikatoa nyingine.

Nilijua atatoa ile, Winfrida. Ndiyo maana zilikuwa sitini na moja.

Ya kwako Mama ameichukua. Anailalia.

Gari la kondoo lilikuja mchana huo huo, yule mtu hakuwa amepewa taarifa. Davis alitoka akaongea naye nje kwa muda mrefu. Liliporudi lilikuwa tupu. Jana nimemkuta bandani anapima ukuta kwa kamba, nikamuuliza anapima nini, akasema kondoo thelathini wanahitaji kona ya kuzalia. Sikumuuliza thelathini wametoka wapi. Elisaria anataka kofia mia na ishirini kwa Desemba, na soksi.

Sasa hesabu. Mia na ishirini na soksi, mtu mmoja na gurudumu moja, haifiki. Nimeipiga mara tatu, haifiki. Nilimwita fundi Basili wa Majengo aje apime gurudumu la Mama. Amenitengenezea jingine kwa mti wa mgrevilea na rimu ya baiskeli. Linapiga kelele, lakini linakimbia, na ni la kwangu, nimelitengenezesha mwenyewe.

La Mama ni la kwako. Alikupa.

Linakuja kwa basi la Alhamisi, na sufu kilo nne. Nenda Makambako wewe mwenyewe, usimtume Efraimu, na shuka lake limo. Ondoa yale maua sebuleni, kaa karibu na dirisha, na siku za mwanzo usihesabu kitu chochote, mimi nitahesabu. Kwenye gurudumu utakuta nimeacha uzi wangu, nusu mita hivi, mwisho wake nimeuacha umefumuka makusudi. Usiukate. Weka sufu yako juu yake, bana kwa vidole viwili kama nilivyokuonyesha, kanyaga taratibu, na uanzie hapo nilipoachia.

Dada yako,
Ndelilio